Joto na Chembe za Vitu: Barafu, Maji na Mvuke

Teleka maji jikoni katika sufuria, kisha ukae kando uyatazame. Kwanza yametulia kama yalivyotoka mtungini. Baadaye waona vipovu vidogo vikishika ubavuni mwa sufuria; hivyo ni hewa iliyokuwamo ndani ya maji, nayo yatoka kwa sababu maji ya moto hayawezi kuichukua nyingi kama maji ya baridi. Kisha sufuria yaanza kulia. Sauti hiyo ni ya mapovu ya mvuke yazaliwayo chini penye moto, yakapanda, yakakutana na maji yasiyopata moto bado, yakapasuka kabla ya kufika juu. Mwisho mapovu makubwa yafika juu yenyewe, na mvuke wajaa jikoni. Ukiyaacha maji hivyo ukaenda zako, utarudi ukute sufuria kavu, tena huenda imeungua.

Je, maji yamekwenda wapi? Hayakuliwa na moto, maana moto na maji havikukutana. Wala hayakupotea, kwani ukikiweka kifuniko cha baridi juu ya ule mvuke, utayaona matone yakirudi, safi kuliko yalivyokuwa. Basi kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni hali yake. Maji yaweza kuwa magumu kama jiwe, nayo ndiyo barafu. Yaweza kuwa majimaji kama tuyajuavyo. Yaweza kuwa mvuke usioonekana. Lile wingu jeupe tulionalo mdomoni mwa birika si mvuke hasa, bali ni matone madogo sana ya maji, mvuke uliokwisha kupoa. Mvuke wenyewe uko katika nafasi ile ndogo, baina ya mdomo wa birika na wingu, mahali ambapo macho hayaoni kitu.

Ili kulifahamu jambo hili, yatupasa kwanza kujua kwamba vitu vyote, jiwe, maziwa, chuma, hata hewa tunayoivuta, vimejengwa kwa chembe ndogo mno. Chembe za maji wataalamu huziita molekuli. Udogo wake wapita fikira. Chukua tone moja la maji linaloning'inia kwenye ncha ya kidole. Kama chembe zilizomo katika tone hilo zingegawiwa watu wote walio hai duniani leo, nao ni zaidi ya milioni elfu nane, kila mtu, pamoja na mtoto mchanga, angepata chembe karibu milioni laki mbili.

Jambo la pili ni kwamba chembe hizo hazitulii kamwe. Katika kila kitu, hata katika jiwe la kusagia lililokaa pembeni mwaka mzima, chembe zatikisika usiku na mchana. Mtikisiko huo ndio joto. Tukisema kitu hiki ni cha moto, maana yake ni kwamba chembe zake zaenda mbio. Tukisema ni cha baridi, zaenda polepole. Moto wa jikoni hautii kitu kipya ndani ya maji, kama mpishi atiavyo chumvi. Wazisukuma tu chembe za sufuria, nazo zazipiga chembe za maji zilizo karibu nazo, na hizo zazipiga za mbele yake, hata mbio ikaenea sufuria nzima.

Mtu aweza kuuliza, Ni nani aliyeziona? Mwaka 1827 Robert Brown, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alitazama kwa hadubini vijipunje vilivyotoka katika chavua ya maua, vikielea majini. Akaviona vikitetemeka na kuhangaika pasipo kukoma, ingawa maji yametulia. Alipodhani labda vina uhai, akajaribu na vumbi la mawe. Likafanya vivyo hivyo, na jiwe halina uhai. Sababu yake ilielezwa barabara mwaka 1905 na Albert Einstein: kila kijipunje chapigwa toka pande zote na chembe za maji zisizoonekana, na kwa kuwa mapigo ya upande huu hayalingani na ya upande ule, chayumba. Baadaye Mfaransa mmoja, Jean Perrin, akaipima mienendo hiyo kwa uangalifu, hata akaweza kukadiria hesabu ya chembe zenyewe. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Ninyi wenyewe mwaweza kujaribu darasani pasipo hadubini. Twaeni bilauri mbili, moja ya maji baridi na moja ya maji ya moto, mziache zitulie kabisa. Dondosheni tone moja la wino katika kila bilauri, msikoroge. Katika maji ya moto wino utaenea upesi. Katika maji ya baridi utakawia. Hakuna mkono uliokoroga. Chembe zenyewe zimekoroga, na zile za moto zina mbio zaidi.

Sasa fikirini ngoma. Mwanzo wachezaji wamesimama safu kwa safu, mabega yamegusana, kila mtu atikisa mwili wake lakini haachi mahali pake. Hivyo ndivyo zilivyo chembe za kitu kigumu: zimeshikana, zatikisika papo hapo, na kwa hiyo jiwe lashika umbo lake. Ngoma ikikolea, safu zavunjika; watu wapenyana, huyu apita kwa yule, walakini bado wamo uwanjani karibu karibu. Hiyo ndiyo hali ya majimaji, nayo ndiyo sababu maji hufuata umbo la chombo, yakiwa kiasi kile kile. Ngoma ikivuma kupita kiasi, watu watoka mbio kila upande, uwanja usiwatoshe tena. Hiyo ni hali ya mvuke. Mfano huu haufai kwa kila jambo, kwani mchezaji huchoka na chembe hazichoki. Lakini watosha kwa kazi yetu.

Mbio za chembe za mvuke si haba. Katika mvuke wa maji yachemkayo, kila chembe yaenda kwa kadiri mita 700 katika sekunde moja, yaani mara mbili ya mwendo wa sauti, ila haifiki mbali kabla ya kugongana na nyingine. Na kwa kuwa chembe hizo zimeachana, mvuke wataka nafasi kubwa. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke hujaza zaidi ya mapipa manane ya lita 200. Mtoto atupaye motoni kopo lililofungwa lenye maji ndani ajue kwamba analazimisha mapipa manane yaingie katika kopo moja. Kopo litapasuka, na vipande vyake havichagui uso wa nani.

Si vitu vyote vibadilikavyo kwa joto moja. Barafu huyeyuka penye digrii 0 ya kipima-joto. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na digrii 24, ndiyo sababu katika nchi za juu, asubuhi za miezi ya Juni na Julai, mwayakuta yameganda meupe katika chupa, na adhuhuri yamekuwa maji tena. Nta ya nyuki yahitaji digrii zaidi ya 60, risasi 327, shaba nyekundu 1,085, na chuma 1,538. Hitilafu hiyo yatokana na nguvu ya kushikana kwa chembe. Za chuma zimeshikana kweli kweli. Kwa kawaida wahunzi wa kale katika nchi zetu hawakukifikisha chuma chenyewe hata kikawa maji. Waliyeyusha takataka za mawe, zikatiririka chini ya tanuru, chuma kikabaki donge la kufuliwa kwa nyundo. Kazi hiyo nayo yataka akili nyingi, wala asiidharau mtu aliyezoea kununua jembe dukani.

Twaja sasa kwenye jambo la ajabu kuliko yote ya somo hili. Weka kipima-joto katika maji yaliyo motoni. Digrii zapanda: 40, 60, 80, 95, hata 100, kama uko pwani. Hapo zasimama. Ongeza kuni, puliza moto, sufuria itoe mapovu kwa kishindo. Kipima-joto hakipandi hata kidogo hata maji yaishe. Joto laingia, lakini halionekani. Laenda wapi?

Aliyelichungua swali hili vizuri ni Joseph Black, mwalimu katika chuo kikuu cha Glasgow, nchi ya Uskoti, katika miaka ya 1760. Alitwaa chupa mbili zilizo sawa. Moja aliitia maji yaliyopoa hata karibu ya kuganda, na ya pili aliigandisha maji yake yakawa barafu. Akazitundika zote mbili katika ukumbi mmoja usio na moto, akangoja. Maji yale yalipanda digrii 4 hivi kwa nusu saa. Barafu ilikawia muda wa saa kumi na nusu hata ikayeyuka na kufikia joto lile lile. Hewa ya ukumbi ilikuwa moja, na joto lililoingia kila nusu saa lilikuwa kadiri moja. Basi barafu ilikunywa joto mara ishirini na moja, na sehemu kubwa ya joto hilo haikuonekana katika kipima-joto. Black aliliita joto lililofichika.

Sisi tuliokwisha kujua habari za chembe twaweza kusema limejificha wapi. Halikutumika kuongeza mbio, limetumika kuzibandua chembe zilizoshikana. Mtu avunjaye ukuta atoka jasho, lakini ukuta hauendi mbio. Ndivyo ilivyo barafu ikiyeyuka, na ndivyo ilivyo zaidi maji yakigeuka mvuke, kwa maana hapo chembe haziachi safu tu, zaachana kabisa.

Joto laweza kupimwa kwa hesabu. Kiasi kinachotosha kuipandisha gramu moja ya maji digrii moja huitwa kalori moja. Kuyeyusha gramu moja ya barafu huchukua kalori 80. Kuyapandisha maji hayo toka digrii 0 hata 100 huchukua kalori 100. Lakini kuyageuza kuwa mvuke huchukua kalori 540. Ziandikeni hesabu hizi tatu katika madaftari yenu, maana twarudi nazo jikoni.

Mama ateleka maharagwe. Katika kila lita ya maji, toka digrii 25 hata kuchemka, moto lazima utoe kalori 75,000. Maji yakisha kuchemka, kazi ya kupandisha joto imekwisha. Akizidisha kuni sasa, maharagwe hayaivi upesi zaidi, kwani maji hayapiti digrii 100 hata akichoma msitu mzima. Kila kalori ya ziada yageuza maji kuwa mvuke utokao kwa mlango. Na lita moja ikikauka hivyo imekunywa kalori 540,000, yaani zaidi ya mara saba ya zile zilizoichemsha. Nimeona nyumba nyingi ambapo sufuria yatokota wazi mchana kutwa juu ya moto mkali, na msichana wa nyumba atumwa maji mara mbili na kuni mara mbili, naye ndiye yule anayekuja shule amechelewa, akaadhibiwa. Afadhali mwalimu angekwenda kuitazama sufuria. Maharagwe yaloweshwe usiku, sufuria ifunikwe, maji yakianza kuchemka, kuni zivutwe nje zibaki mbili au moja, mapovu yawe machache tu. Maharagwe hayajui tofauti, lakini kichwa kinachobeba mzigo wa kuni kinaijua.

Hesabu ile ile yaeleza kwa nini mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Gramu moja ya maji yachemkayo ikimwagika mkononi hutoa kalori kama 63 hata ipoe kufikia joto la mwili. Gramu moja ya mvuke ikigusa mkono hugeuka kwanza kuwa maji, na kwa kugeuka huko yarudisha zile kalori 540 zote, kisha yaongeza zile 63. Jumla yake ni 603, karibu mara kumi. Kwa hiyo ukifunua sufuria, kiinue kifuniko upande wa mbali nawe, ili mvuke utoke kule, wala usiinamishe uso juu yake. Mtu akiungua, mwagilieni mahali hapo maji safi ya baridi yatiririkayo, muda wa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Msipake mafuta, wala unga, wala dawa ya meno. Mafuta hufunika joto ndani, nalo laendelea kuunguza nyama.

Maji hayangoji kuchemka ndipo yageuke mvuke. Nguo hukauka juani, hata kivulini. Katika maji yoyote chembe nyingine zina mbio kupita wenzake. Hizo zilizo karibu na juu zaruka na kwenda zake hewani. Zilizobaki ni zile za polepole, na kwa hiyo maji yabakiayo yamepoa. Hii ndiyo siri ya mtungi wa udongo. Udongo wake una vitundu visivyoonekana, maji yatoka jasho kwa nje, jasho lakauka, na katika kukauka lachukua joto la maji yaliyo ndani. Ukiupaka mtungi rangi ili upendeze, umeziba vitundu, na maji yake hayatapoa tena. Mwili wako nao wafanya kazi hiyo hiyo kwa jasho. Ndiyo sababu siku ya joto kavu bara huvumilika kuliko siku ya joto la unyevu pwani, ingawa kipima-joto chasema sawa: pwani hewa imekwisha kujaa mvuke, na jasho halipati mahali pa kwenda.

Tumesema maji huchemka kwa digrii 100, kama uko pwani. Neno hilo la mwisho lina maana. Hewa yakandamiza maji kwa uzito wake na kuzizuia chembe zisitoke. Kadiri tupandavyo juu, hewa iliyo juu yetu yapungua, na chembe zaona njia nyepesi. Nairobi maji huchemka kati ya digrii 94 na 95. Juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, huchemka karibu na digrii 80. Huko yatatokota sana, na maharagwe yatabaki magumu, kwani kinachoivisha si mapovu bali ni joto.

Na mlima huo wenyewe una habari yake katika somo hili. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliona toka mbali kilele cheupe. Akamwuliza kiongozi wake, mtu wa pwani, weupe ule ni nini. Akajibiwa kuwa ni baridi tu. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, akaandika habari zake. Huko London mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, akakataa kabisa, kwa kuwa mlima u karibu na ikweta. Hakujua kuona, alijua kubisha. Hewa hupoa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Pwani pakiwa digrii 28, juu ya Kibo pana kadiri ya digrii 7 chini ya kuganda. Kiongozi wa Rebmann alikuwa na neno lililo karibu na kweli kuliko kitabu cha London.

Barafu hiyo ina tabia moja ambayo hamtaiona nyumbani. Hewa ya juu ya Kibo ni ya baridi na kavu sana, tena jua ni kali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji, bali yatoka ugumu ikaenda moja kwa moja kuwa mvuke. Kazi hiyo yataka joto zaidi ya mara nane ya lile la kuyeyusha, ndiyo sababu barafu yadumu juani kwa muda mrefu. Lakini hata hivyo yapungua. Mwaka 1912 ilipopimwa, ilifunika kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Theluji mpya imekuwa haba, hewa kavu, na dunia nzima imeongezeka joto. Kilichobaki hakitoshi kujaza kile kilichokwenda.

Maswali

Kwa nini chupa ya mafuta ya nazi ikiganda asubuhi yaweza kuyeyushwa kwa kuishika kwapani tu, lakini mshumaa wa nta hauwezi?

Mpishi mmoja aweka jiwe zito juu ya kifuniko cha sufuria, chakula chake chaiva mapema kidogo kuliko cha jirani. Eleza sababu kwa kutumia habari za chembe.

Lita mbili za maji zina joto la digrii 20. Ni kalori ngapi zitakazozichemsha pwani? Ni ngapi tena zitakazozikausha?

Mgonjwa wa homa hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, si ya barafu, naye hupata nafuu. Joto la mwili wake limechukuliwa na nini?

Nenda nyumbani ukaulize sufuria ya maharagwe huchukua kuni ngapi. Siku ya pili ifunike, upunguze moto ikianza kuchemka, uhesabu tena. Lete hesabu zote mbili darasani.